Kumiksi kwa sikio au kubonyeza SYNC: DJ wa klabu afuate lipi?

Ubishi wa ma-DJ kuhusu njia za mkato hauishi kwa sababu jina moja limebebeshwa mambo manne. Kuna kitufe cha SYNC, kile kinachosawazisha kasi ya nyimbo mbili kwa mbonyezo mmoja. Kuna alama na lupu, yaani vipande vinavyojirudia, ambazo DJ ameziweka nyumbani ili akifika ukumbini aruke moja kwa moja hadi sehemu anayoitaka. Kuna orodha iliyopangwa tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ikafuatwa kama ilivyo. Na kuna seti nzima iliyorekodiwa, DJ akabaki kuinua mikono na kuzungusha vitufe ambavyo havibadilishi chochote. Anayesema njia za mkato ni utapeli huwa analifikiria hili la nne. Anayemjibu kwamba teknolojia ni maendeleo analifikiria la kwanza. Kila mmoja ana haki upande wake, na ndiyo maana hawasikilizani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mashine ikikushikia kasi, hakuna aliyeibiwa. Mashine ikikuchagulia wimbo unaofuata, kazi yako imekwisha na umebaki pambo. Yaliyo kati ya hayo mawili yanategemea unapiga muziki gani, kwa vifaa gani, na unaufanyia nini muda ambao mashine imekuokolea.

Kushika kasi

Kwa sikio, kazi inakwenda hivi. Wimbo wa kwanza unasikika ukumbini. Wa pili uko kwenye hedifoni, sikio moja tu, la pili umeliacha wazi. Unauachia wimbo wa pili kwenye mdundo wa kwanza, unasikiliza kama unatangulia au unachelewa, unasogeza kitelezi cha kasi, unaisukuma sahani kidogo kwa kidole pembeni, unasikiliza tena. Ukiridhika ndipo unapouingiza, na hata hapo kidole hakibanduki.

Tofauti ambayo sikio linaitafuta ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme wimbo wa kwanza unakwenda midundo 124 kwa dakika na wa pili 124.5. Zikianza pamoja, baada ya dakika moja wa pili umetangulia nusu mdundo. Ngoma kubwa ya wimbo mmoja inaangukia katikati kabisa ya ngoma mbili za mwenzake, na ukumbi mzima unasikia kitu kama kwato za farasi kwenye lami. Hata tofauti ya 0.1 haijifichi: dakika moja ikipita, ngoma hizo zimeachana kwa takriban milisekunde 48. Anayecheza hatasema kuna kosa, ila besi imelegea, na ule mshindo mmoja mzito umekuwa miwili myembamba. DJ mwenye sikio huligundua hilo kabla ya ukumbi na kulirudisha mahali pake kwa kidole, tena na tena, muda wote nyimbo zinapopishana.

SYNC inafika hapo kwa njia nyingine. Programu huuchambua wimbo kabla ya usiku wenyewe na kuupigia mistari mahali kila mdundo unapoangukia. Ukibonyeza, mistari ya wimbo wa pili inalazwa juu ya ile ya wa kwanza na kasi inafungwa. Kwa house, tekno, amapiano au drum and bass, mistari hiyo huwa sahihi karibu kila mara, kwa kuwa nyimbo zenyewe zilitengenezwa kwenye kompyuta juu ya mistari kama hiyo. Hapo sikio haliishindi mashine. Linafika palepale, ila limechelewa.

Sasa geuza mfuko. Chukua disko ya miaka ya 1970, funk, rumba, chochote kilichorekodiwa na mpiga ngoma mwenye mikono na pumzi. Akikaribia kiitikio anachangamka, akirudi kwenye ubeti anatulia. Mistari iliyochorwa kwa kasi moja inaanza vizuri na kufika katikati ya wimbo imeshapotea. Programu za siku hizi hujitahidi kuufuata mwendo unaobadilika, lakini zikikosea hazikuambii. Kioo kinaonyesha kila kitu kimepangika huku spika zinasema vingine. Asiyewahi kulinganisha kwa sikio, hapo hana pa kushika: anasikia kuna kitu kibaya, hajui ni wimbo upi unaokimbia.

Kuna mitego mingine miwili ya kitufe. Wa kwanza ni kasi kusomwa nusu au mara mbili, wimbo wa midundo 87 ukaandikwa 174. Wa pili ndio unaowaumbua wengi: SYNC inalinganisha midundo, haijui sentensi za muziki. Nyimbo nyingi za kuchezea hupangwa kwa mafungu ya midundo 32, na kwa kasi ya 128 fungu moja linachukua sekunde 15. Ukiuachia wimbo wa pili fungu likiwa limefika kati, midundo itapatana kabisa na bado mseto utakuwa mbovu: kiitikio kimoja kitaanza mwingine ukiwa katikati ya ubeti, besi mbili zitagongana. Kuhesabu hayo ni kazi ya mtu, kitufe kiwepo kisiwepo. Ndiyo maana unaweza kumsikia mtu anayetumia SYNC usiku kucha na bado miksi zake ni za ovyo.

Jambo moja la kuchekesha hapa. Ukiongeza kasi ya wimbo kwa asilimia 6 hivi, sauti yake yote inapanda nusu toni, mwimbaji anaanza kusikika kama mtoto. Mashine za kisasa zina kitufe cha kufunga sauti isipande wala kushuka, na sijawahi kusikia mtu akikiita utapeli. Wengi wanaoapa kwamba hawagusi SYNC wamekiwasha hicho tangu saa tatu usiku.

Njia za mkato zina umri wa kazi yenyewe

Francis Grasso, aliyepiga muziki katika klabu ya Sanctuary jijini New York, anatajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuunganisha nyimbo kwa kulinganisha midundo yake. Alikuwa anaizuia santuri kwa mkono huku sahani inazunguka chini yake, kisha anaiachia kwa wakati. Technics SL-1200, mashine ya kupigia santuri, ilitoka mwaka 1972, na toleo lake la MK2 la mwaka 1979 likaja na kitelezi cha kasi cha asilimia 8 kwenda juu na 8 kwenda chini, pamoja na fuwele ya kwatsi ya kuhakikisha kasi ya sahani haichepuki. Yaani mashine ilishaanza kumshikia DJ kasi tangu hapo, na ni mashine hiyohiyo ambayo leo inatajwa kama kipimo cha ufundi halisi.

Alama nazo si za leo. Grandmaster Flash, mmoja wa ma-DJ wa mwanzo wa hip hop, alikuwa akichora santuri zake kwa kalamu ya rangi ili ajue kipande cha ngoma kinaanzia wapi bila kusikiliza. Vitufe vya alama vilivyo kwenye kila mashine sasa vinafanya kazi ileile bila kuchafua santuri. Na Frankie Knuckles, katika klabu ya Warehouse ya Chicago, alipiga nyimbo alizozikata na kuzirefusha mwenyewe kwenye utepe kabla ya kufika ukumbini. Ukimwambia mtu leo kwamba lupu za kuandaa nyumbani zinaua sanaa, unamwambia kwamba mmoja wa waasisi wa house aliiua siku aliyoianzisha.

Hoja yangu hapa ni ndogo: kujiandaa hakujawahi kuwa adui wa kupiga laivu. Mwaka 2012 kitufe cha SYNC kilipoingia kwenye CDJ-2000NXS, mashine ya kampuni ya Pioneer ambayo klabu nyingi ziliinunua, kelele zilikuwa kubwa. Mwaka huohuo deadmau5, mtayarishaji maarufu wa muziki wa elektroniki, akaandika waziwazi kwamba kwenye maonyesho makubwa wote wanabonyeza kitufe cha kuanzisha tu, yeye akiwemo. Wengi waliyaunganisha mambo hayo mawili. Si jambo moja. Kitufe kile kinasawazisha nyimbo ambazo bado unazichagua wewe. Alichokisema deadmau5 kinahusu onyesho la jukwaani ambalo muziki, taa na video vimefungwa pamoja tangu studio.

Muda uliookolewa unakwenda wapi?

Hapa ndipo ninapompima DJ wa SYNC, na si kwenye kitufe chenyewe. Kulinganisha kwa sikio kunakula dakika, hasa kwa asiye mzoefu, na dakika hizo zote kichwa kiko kwenye hedifoni. Kitufe kinakurudishia. Anayejua afanyalo atazitumia kuingiza deki ya tatu (deki ni mashine ya kupigia wimbo mmoja), kuchukua sauti ya mwimbaji kutoka wimbo mmoja na kuilaza juu ya ngoma za mwingine, kukata besi sekunde nane kabla ya wakati ili irudi kwa kishindo. Muziki wa tekno wa deki tatu au nne unaojengwa polepole hauwezekani kirahisi bila msaada wa mashine, mikono ni miwili tu.

Asiyejua atazitumia kujipiga video. Huyu hata ukimnyang'anya SYNC hatakuwa bora, atakuwa mbaya kwa namna nyingine.

Na DJ wa sikio naye ana lake. Akiwa bado hajakomaa, anakuwa mtumwa wa kulinganisha, anaiona kazi imekamilika midundo ikishapatana. Nimesikia seti za santuri tupu zilizounganishwa bila doa na zikachosha kama mkutano, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaionyesha mikono yake na hakuwa na habari na waliokuja kucheza.

Vikiharibika

Makosa ya sikio ni madogo na ya mara kwa mara. Mdundo umechepuka, umerudishwa, maisha yanaendelea. Sindano nayo huruka mtu akiikanyaga jukwaa vibaya, na besi kubwa ikiitikisa meza inaweza kuzalisha mngurumo unaokua kila sekunde. Yote haya yana dawa ya papo hapo, na mwenye kuyazoea hashtuki.

Makosa ya njia za mkato ni machache na makubwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwanamuziki Grimes kwenye tamasha la Coachella huko California, Aprili 2024. Maandalizi ya faili zake aliwaachia wengine. Jukwaani kasi za nyimbo zikawa zinasomeka mara mbili ya zilivyo, miksi zikakataa, naye akawaambia watu waziwazi kwamba hesabu za kichwa zinamshinda. Baadaye aliomba radhi na kusema atajiandalia mwenyewe. Anayeutumia mkasa huo kuilaani teknolojia ameusoma haraka. Faili zile zingekuwa za mtu aliyezisikiliza moja moja na anayeweza kufumba macho akalinganisha kwa sikio, namba za kwenye kioo zingekuwa usumbufu wa dakika mbili. Ukiziazima namba na huna sikio, huna ngazi ya pili ya kurudia.

Orodha iliyopangwa na seti iliyorekodiwa

Watu hupigana kuhusu SYNC, nami nadhani wanailinda milango isiyo sahihi. Kinachoharibu usiku mwingi klabuni ni orodha. DJ amepanga nyimbo 25, kila muunganiko ameujaribu nyumbani, na anazipiga hivyohivyo hata kama ukumbi unamsihi abadilishe. Anaweza kuwa anatumia santuri na sikio safi, na bado yuko kwenye reli.

Angalia jinsi ukumbi unavyozungumza. Usiangalie mikono, mikono huinuka hata kwa adabu. Angalia miguu na migongo. Walio mbele wanaruka, lakini kuanzia safu ya nne miguu imetulia na watu wamegeuziana nyuso wakiongea. Kundi moja pembeni limeacha kuongea na linaimba kiitikio cha wimbo unaokwisha. Migongo ya watu watatu imeelekea kaunta. DJ anayechagua papo hapo amebakiza mafungu manne, kwa kasi ya 128 ni dakika moja kamili. Kwenye deki ya pili alikuwa ameuweka wimbo mzito wa ngoma tupu. Anauondoa. Anatafuta kitu chenye kuimbika kinachokaribiana na kile ambacho wale wa pembeni wamekishika, na kama kasi yake iko mbali anaacha kuunganisha kwa upole, anakata. Miksi yenyewe inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Safu ya nne imerudi. Katika dakika hiyo moja, SYNC ingemsaidia, isingemdhuru. Orodha ingemnyima yote.

Hilo halimaanishi uende mikono mitupu. Weka nyimbo kwenye makabati: za kufungulia, za kupandisha, za kuimba, za kushusha pumzi, za kuagana. Ziwe na jozi unazojua kwamba zinapatana. Ila jozi iwe ya nyimbo mbili au tatu, si ya usiku mzima.

Seti iliyorekodiwa inasimama mbali zaidi. Inapofaa ipo: onyesho la uwanjani ambako taa, video na fataki zinasubiri sekunde maalumu, au kipindi cha redio ambacho hakina ukumbi wa kuusoma. Klabuni sioni sababu yake. Mtangulizi wako akizidisha dakika 15, utakata nini kwenye rekodi ya saa moja? Akimalizia na wimbo uleule unaofungua seti yako, utafanyaje? Na watu wamelipa kiingilio wakiamini kuna mtu pale juu anayewaona.

Basi uchague vipi

Kama ndiyo unaanza, zima SYNC na uifunike ile sehemu ya kioo inayoonyesha mawimbi na namba, hadi uweze kulinganisha nyimbo mbili za house bila kuangalia chochote. Sikushauri hivyo kwa heshima ya wazee. Ni kwa sababu ujuzi huo ndio pekee utakaobaki nao siku namba zitakapodanganya, na ukishaupata hauishi. Baada ya hapo kiwashe kitufe na usiombe radhi kwa yeyote.

Ukipiga kila aina ya muziki usiku mmoja, kutoka hip hop ya midundo 90 hadi house ya midundo 126, kitufe hakitakusaidia sana. Kasi ziko mbali mno, utakuwa unakata, unatumia mwangwi kufunika, unatafuta nyimbo zenye mapumziko ya ngoma. Alama zilizoandaliwa ndizo zitakazokuokoa, ziwekee muda wa kutosha.

Ukipiga muziki wa zamani wenye ngoma za mkono, sikio. Hakuna mjadala. Ukiskrachi, yaani ukiikwaruza santuri mbele na nyuma kwa mkono, vilevile, maana sahani ni ala yako.

Ukipokezana na mwenzako wimbo kwa wimbo, au ukialikwa mahali usipojua vifaa vyao, jiandae kana kwamba SYNC haipo. Huenda faili zake hazijachambuliwa, huenda deki hazijaunganishwa kwa waya, huenda ni mashine za zamani kabisa. Uliza mapema.

Mwenye klabu anayeajiri, acha kuuliza kama DJ anatumia kitufe. Mwombe apige saa moja siku ambayo ukumbi haujajaa, kisha mtume mtu dakika ya ishirini aombe wimbo wa mtindo tofauti. Si lazima aupige. Tazama tu kama ana uwezo wa kuufikia, au anageuka rangi kwa sababu kinachochezwa hakina mlango wa kutokea.

Na kwa wanaofuata njia ya kati, ambao nadhani ndio wengi: unapoandaa nyimbo, washa metronomi ya programu, ule mlio unaohesabu midundo, na usikilize sehemu tatu za kila wimbo, mwanzoni, katikati na mwishoni. Metronomi ikiwa bado iko juu ya ngoma hadi mwisho, wimbo huo ni wa SYNC. Ikiwa imechepuka, jaribu kuirekebisha mistari. Ikikataa, ongeza nyota mwanzoni mwa jina la wimbo. Ukiiona nyota hiyo saa nane usiku, unazima SYNC kabla ya kuupakia, unavaa hedifoni.